Vipimo vya Pembeni

Weka simu mezani, Shose, picha yako nimeiona.
Sasa nawa mikono, nikuonyeshe ilikotoka.

Jarida hili halina jalada. Jina lake hatukulijua kamwe;
Rindi Lane nzima waliliita Kitabu,
kana kwamba kingine hakipo, na Biblia ikabaki kuitwa Neno.
Lilishuka na treni ya Jumamosi
mkononi mwa mke wa mnunuzi wa kahawa,
mwanamke mrefu aliyekanyaga pindo lake akishuka.
Shangazi Aikande alimshonea palepale stesheni,
pini mdomoni, goti kwenye changarawe.
Yule mama hakuwa na chenji.
Akatoa alichokuwa akisoma.

Maneno yake hayakumsumbua mtu.
Mwalimu Ndeshi alisema ni Kifaransa, padre akasema ndiyo,
akalifunga haraka alipofika kwenye vazi la kuogelea.
Wasomaji wetu walisoma kwa kidole:
"Hili, lakini mikono ifike kwenye kiwiko."
"Hili, lakini ni la kipaimara, mgongo uufunge."
"Hili, ila shingo yangu si ya twiga, niwekee kola."
Na shangazi akapunguza Ulaya, akaongeza kitambaa,
mpaka gauni likakubali kupanda Kibosho na tope lake.

Kuna mwaka vijana walisimama njia panda na rula
wakipima magoti ya watu.
Mwaka ule Kitabu kilikaa chini ya pumba za nguruwe,
na bado kilisomwa; nusa ukurasa wa tisa.
Kisha ikaja miaka ya foleni. Dukani kwa mama Gulshan
ikabaki futi kamba na yeye mwenyewe.
Watu walikuja kutazama tu. Wakakaa kwenye benchi,
wakafungua, wakafunga, wakaaga
kama waliotoka kumwona mgonjwa.
Kundasia aliolewa kwa pazia la sebuleni,
ukurasa wa ishirini na mbili.
Dirisha peke yake lilijua.

Sasa tazama pembeni, kwenye penseli.
Hayo ndiyo maandishi pekee tuliyoyaelewa:
Eliwaza, kiuno 26. Tiki.
Eliwaza, kiuno 31, mtoto wa pili. Tiki.
Eliwaza, kiuno 38, achia nafasi. Tiki.
Ndeshi, kifua 36, nyeusi, haraka. Tiki.
Kila lililoshonwa lina tiki.

Fungua arobaini na moja. Gauni la kijani, bega moja.
Aikande. 34, 25, 36. Tarehe hakuna.
Mashine ilikuwa yake, usiku ulikuwa wake,
na hakulishona.
Nilimwuliza mara moja. Akaniambia nivute uzi.

Nilikuwa naye Memorial siku belo lilipokatwa kamba
na lile gauni, si la kufanana nalo, lile,
likatoka katikati ya suruali za watoto,
kwapa limeachia, shilingi mia saba.
Muuzaji akalipunga hewani kama bendera ya nchi iliyokwisha.
Shangazi hakulitazama nje. Aligeuza ndani,
akapitisha kidole kwenye mshono wote, polepole,
akacheka mpaka akashika nguzo.
"Wamepiga bandi tu! Na pindo hata pasi halikuonja!"
Akalirudisha. Tukaenda kununua vitunguu.

Usiku nikaona chemli inawaka chumbani kwake.
Asubuhi palikuwa na tiki, hiyo hapo,
imekandamizwa mpaka imetokea arobaini na tatu.

Basi. Pembe hii bado nyeupe, nitakuandika hapa.
Simama wima. Usivute tumbo, Shose,
Kitabu hiki kimewaona wengi wakivuta tumbo.
Haya, mgongo uwe wazi, au tuufunge?
Mama yako amesemaje?